Simu ya Bi Nereida

Maidelín Frómeta alipopita mlango kwa mlango kutuomba simu zetu mbovu, tulidhani ameingia kwenye biashara ya vipuri. Mtaani kwetu Cayo Hueso, katikati ya Havana, kitu hakitupwi. Feni ikifa inazaa feni nyingine mbili, na redio ya marehemu babu inageuka kuwa chaja ya mjukuu. Mzee Evelio, ambaye hushinda uani akicheza domino, alimwambia wazi: "We binti, hizo simu ukiziuza na sisi utukumbuke."

"Siziuzi, mzee Evelio. Nafanya kazi ya sanaa."

"Ni yale yale. Kwani sanaa haiuzwi?"

Tukacheka, na yeye akacheka. Alikuwa mtu wetu. Alitoka Guantánamo kuja kusoma chuo cha sanaa, akapanga chumba mkabala na changu, ghorofa ya pili, na tangu hapo hakuhama. Alikuwa akitengeneza vitu ambavyo wengi wetu hatukuwa na jina la kuviita. Mwaka mmoja alichukua kibodi za kompyuta za zamani akazijaza udongo, akaotesha mpunga katikati ya herufi. Mwaka mwingine alifuma nyaya akatengeneza ramani ya kisiwa chetu, inawaka pale penye umeme na kuzimika pale ulipokatwa. Hiyo ya umeme tuliielewa wote. Evelio alisema ni kazi nzuri ila ametumia balbu nyingi mno.

Safari hii alitaka sauti. Alitueleza tukiwa kwenye foleni ya mkate. Kila nyumba hapa ina mtu aliyeondoka, na kila aliyeondoka amebaki ndani ya simu: salamu za asubuhi, mtoto akijifunza kusema bibi, mtu akilia kwa sababu ya baridi ya Montevideo. "Nchi yetu siku hizi haiko kwenye ramani, dada Zenaida," aliniambia. "Iko ndani ya hizi simu." Angezitundika simu zote kwenye kamba za nguo, na mtu akisogea karibu na simu, simu inawaka na kusema. Kazi yenyewe aliipa jina la "Nchi Unayoipigia Haipatikani kwa Sasa". Tulilipenda jina hilo. Kila mmoja wetu alishawahi kuambiwa maneno kama hayo na yule dada wa kwenye mtandao.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Bi Nereida Quiala, msusi wetu. Chumba chake cha ghorofa ya chini ndicho kilichokuwa saluni, baraza na redio ya jengo zima. Ulikuwa ukikaa pale kichwa kikiwa kimejaa rola, unatoka na nywele nzuri na habari za mtaa mzima. Na habari kubwa zaidi ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Leosbel, aliyekwenda Uhispania. Leosbel amepanda cheo. Leosbel amepata mchumba anaitwa Begoña, wa familia ya watu wenye duka la samani. Leosbel anauliza habari zenu wote. Mwenye kumjua Leosbel alimjua kwa sauti: nzito, ya kukwaruza, kama mtu aliyekunywa moshi tangu utotoni, na alikuwa akimwita mama yake "Mima" kwa kuvuta ile i. Ungeitambua sauti ile hata ukiwa bafuni.

Bi Nereida alimpa Maidelín simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka ambacho alikuwa amekigandisha kwa rangi ya kucha ya waridi. "Humo ndani, mwanangu, kuna ya siku yangu ya kuzaliwa. Ananiimbia wimbo mzima, na huku nyuma watu wanapiga makofi. Chukua hiyo. Nyingine usiziguse, ni mambo yangu na mwanangu."

"Sitazigusa, Bi Nereida."

Yaliyofuata Maidelín mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye. Aliisikiliza ile ya wimbo, akaiona ni nzuri, nzuri kama kadi ya posta. Alikuwa tayari na nyimbo za siku ya kuzaliwa nyingi kupita kiasi. Akasema nitasikiliza ile inayofuata, moja tu, nijue tarehe. Kisha akasikiliza nyingine. Alipofika kwenye moja ya miaka mitatu nyuma, hapo hapo akajua kwamba kazi yake yote ilikuwa ikiisubiri sauti hiyo. Akajiambia: sitataja jina. Akajiambia: Bi Nereida hatoki Cayo Hueso, miguu inamuuma. Akajiambia kwamba jambo hili si la Nereida peke yake, ni la taifa zima, na msanii akiogopa kuumiza watu atabaki kuchora maua. Maneno mazuri hayo. Mtu anayejidanganya huwa hakosi maneno.

Onyesho lilifunguliwa kwenye ghala la zamani la sukari, karibu na bandari. Maidelín alituambia ni la waalikwa tu, wageni na watu wa vyuo. Lakini redio ikatangaza kwamba sauti zilitoka kwenye jengo moja la Cayo Hueso, na nani angemzuia Bi Nereida baada ya hapo?

"Mwanangu asikilizwe na wakubwa, halafu mimi nikae hapa nachambua mchele? Zenaida, lete pasi."

Alivaa gauni lake la manjano, lile la sherehe, akajipaka marashi ya urujuani, yale tunayowapaka watoto wachanga. Twende wote, akasema, na wote tukaenda: mimi, Evelio na fimbo yake, Yusleidi wa ghorofa ya tatu na mumewe, na wengine waliosikia kuna vitafunwa. Njiani alitusimulia jinsi Leosbel alivyoimba, akatuimbia na sisi, mpaka dereva wa teksi akamwomba arudie.

Ndani ya ghala palikuwa pazuri, sitasema uongo. Simu zilining'inia kwenye kamba ndefu kama nguo za kufuliwa, nyeusi, nyeupe, nyingine zimefungwa kwa raba. Ukipita katikati yao, moja inawaka, inasema, unapoiacha inazimika na nyingine inaanza. Mtu alikuwa akilia mbele ya simu ambamo mjomba wake alikuwa akielezea theluji. Evelio aliisikia sauti ya marehemu dada yake, akavua kofia. Maidelín alikuwa kule mbele amezungukwa na wageni, na alipotuona tukiingia, akabadilika rangi. Mimi niliona. Nilidhani ni furaha.

Bi Nereida hakuhitaji kuelekezwa. Aliiona rangi yake ya kucha kwa mbali, akaenda moja kwa moja, akasimama mbele ya simu yake na kunyoosha mkono nyuma kutuzuia. "Nyamazeni. Anaimba."

Simu ikawaka.

"Miiima," sauti ile nzito ikasema, na spika ilikuwa kubwa, "usinipigie tena simu ya picha, nakuomba. Jana Begoña alikuwa hapa hapa pembeni. Hawa watu nimewaambia mimi ni mtu wa Visiwa vya Kanari, Mhispania mwenzao. Wanaongea kama sisi, kwa hiyo wameamini. Na wewe... wewe nimewaambia ulikufa. Zamani, nilipokuwa mdogo. Kwa hiyo usipige, Mima. Mtu aliyekufa hapigi simu."

Kisha kimya kifupi, halafu tena: "Miiima, usinipigie tena simu ya picha..."

Simu zile zilikuwa zimetegwa hivyo. Maadamu umesimama mbele yake, inarudia. Na Bi Nereida hakuweza kusogea. Alikuwa amesimama mkono wake ungali nyuma umetuzuia, tabasamu lingali usoni kwa sababu halikupata muda wa kuondoka, na mwanawe akamuua tena, na tena. Yusleidi alicheka. Si kwa ubaya, ni kile kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake, lakini kilisikika. Vijana wawili walikuwa wameinua simu zao wakirekodi. Mimi ndiye niliyemshika kiuno nikamvuta, na simu ikazimika.

Akageuka kututazama mmoja mmoja. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Wamekosea simu. Huyo siye mwanangu. Mwanangu mimi anaimba."

"Ni kweli," Evelio alisema haraka. "Siye kabisa. Hata hafanani."

"Siye," na sisi tukaitikia, jengo zima, kama kanisani.

Maidelín alishafika. Alikuwa amefungua mdomo aseme kitu. Lakini nyuma yake alikuja mama mmoja wa Meksiko, mrefu, aliyevaa shanga kubwa, ndiye aliyekuwa akitafuta kazi za kupeleka kwenye maonyesho makubwa ya kwao. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akamshika Maidelín mkono akauliza, "Huyu mama ni mwigizaji? Ni sehemu ya kazi yako? Ni ajabu, sijawahi kuona!"

Na Maidelín akasema, "Ndiyo."

Neno moja. Aliniapia baadaye kwamba hakulipanga, kwamba lilimtoka kama pumzi, kwamba alifikiri kwa njia hiyo anamsitiri Bi Nereida asiulizwe maswali. Labda. Lakini Bi Nereida alilisikia. Alimtazama Maidelín kutoka kichwani mpaka viatuni, taratibu, kama anavyomtazama mteja aliyeharibiwa nywele na msusi mwingine. Akachukua mkoba wake akatoka, na sisi tukamfuata, na hakuna aliyekumbuka vitafunwa.

Ile siku yenyewe haikuwa mbaya kama zilizofuata. Wale vijana walisambaza walichorekodi. Kufikia mwisho wa juma, kila mwenye simu Havana alikuwa ameiona: mama wa gauni la manjano, tabasamu, sauti. Watu walioituma hawakujua ni nani. Waliandika chini yake maneno ya huzuni, wengine ya mzaha. Kijana mmoja aliweka mdundo wa ngoma. Nikiwa kwenye foleni ya mayai nilimsikia mtu akimwambia mwenzake, "Mtu aliyekufa hapigi simu," wakacheka wote wawili. Ilishakuwa msemo.

Bi Nereida alifunga saluni. Wateja waliogonga walijibiwa kwa ndani kwamba hakuna maji. Na kwa Maidelín jengo liligeuka jiwe. Akishuka ngazi, domino zinanyamaza. Akisalimia, mtu anaangalia nguo zake kambani. Yusleidi, yule yule aliyecheka, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: "Shikeni simu zenu jamani, msanii anapita! Usikohoe, utakuta kikohozi chako makumbusho!"

Maidelín alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali chenji pungufu. Siku moja niligonga mlango wake kumpelekea magimbi ya kuchemsha, maana niliona hapiki, nikamkuta amekaa sakafuni, kioo chake cha kujitazamia amekigeuza kikaelekea ukutani. Aliniambia yule mama wa Meksiko ameandika. Kazi imechaguliwa. Wanataka simu zote, na hasa ile moja, na kama inawezekana, na yule mwigizaji.

"Umejibu nini?"

"Sijajibu. Kila nikitaka kuandika naona aibu hata ya jina langu pale chini."

"Usinieleze mimi. Anayehusika yuko chini."

"Nimekwenda, dada. Hafungui."

"Basi nenda tena."

Mlango wa Bi Nereida ulifunguliwa siku niliyokuwa ndani mimi. Alikuwa amekubali kunitengeneza nywele kwa sababu nilikuwa na msiba wa shangazi na nisingeweza kwenda kuzika na kichwa kile. Alikuwa akisokota rola, ndipo ikaja hodi ndogo mlangoni. Bi Nereida akasema, "Ingia," akidhani ni mtoto anayeleta maji. Alipomwona ni nani, mikono yake ilisimama kichwani kwangu, lakini hakumfukuza.

Maidelín aliweka ile simu mezani, katikati ya vitana. "Nimeitoa, Bi Nereida. Nimefuta kila kitu kule ghalani. Nimekuja kukuomba..."

"Kwa nini ulimkata?"

Maidelín akasogeza kitana kimoja mezani.

"Nakuuliza wewe binti. Uliiba, sawa. Nilikwambia usiguse, ukagusa. Ukanifanya mcheza maigizo mbele ya yule mama wa shanga, hilo nalo sawa, mimi ni mtu mzima, nimeshavuliwa nguo na wengi. Lakini mwanangu kwa nini ulimkata?"

Mimi sikuelewa. Bi Nereida akaichukua simu, akaiwasha, kidole chake kikajua pa kwenda bila macho. Sauti ikasema yale tuliyoyajua, mpaka "mtu aliyekufa hapigi simu." Lakini haikuishia hapo. Kukawa na pumzi. Halafu lile dume zima, lenye sauti ya kukwaruza, likaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni. "Nisamehe Mima. Sijui kwa nini nilisema. Waliniuliza mezani, wote wananitazama, nikaona haya, haya ya kila kitu, ya nyumba, ya foleni, ya kutokuwa na kitu cha kuonyesha, nikasema. Sasa siwezi kulirudisha. Kila siku natamani kulirudisha. Usinichukie. Niimbie kidogo nipate usingizi." Na baada ya hapo, kwa muda mrefu, kulia tu.

Nilikuwa na rola nusu kichwa na machozi yananidondoka mapajani.

"Mimi nilimwimbia," alisema Bi Nereida. "Ndiyo maana sikuifuta. Aliniua, halafu akaja kuniomba nimbembeleze. Huyo ndiye mwanangu. Wewe umewapa watu nusu ya mtu."

Maidelín alisema polepole, akitazama sakafu, "Ilikuwa ndefu. Na niliona... nikiiacha na kilio, watu watamhurumia, haitachoma. Nilitaka ichome."

"Imechoma."

"Ndiyo."

"Basi nitakwambia la kufanya. Sitaki hii ya kilio isikilizwe na mtu mwingine. Utapita mlango kwa mlango, kama ulivyopita kuomba simu, na utawaambia kwa mdomo wako kwamba ulikata. Usiwasikilizishe kitu. Useme tu. Wakikutukana, vumilia. Ukimaliza hapa, kuna mwanangu mwenyewe."

Alipita. Nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu milango yetu inatazamana kwenye ua na ukisimama kwenye baraza huwezi kujificha. Kwa Evelio alisema kwa sauti ndogo mno, mzee akamwambia, "Paza, sisikii," naye akapaza, na ua mzima ukasikia: "Nilisikiliza sauti niliyokatazwa. Nikaikata. Leosbel alilia na kuomba msamaha, mimi nikaondoa." Evelio alizungusha domino vidoleni. "Umekuja mwenyewe," alisema. "Haya. Nenda kwa wengine." Kwa Yusleidi alikaa mlangoni akisutwa mpaka watoto walipotoka shule. Alisimama tu, mikono pembeni. Alipokuwa akishuka nilisikia Yusleidi mwenyewe ameanza kulia ndani, maana kile kicheko chake cha ghalani hakikuwa kimemtoka.

Kisha Maidelín akampigia Leosbel. Akaja kupigia kwangu, alisema peke yake hataweza. Leosbel alikuwa ameshaiona ile video. Kule nako ilifika, na mpwa wa Begoña ndiye aliyeileta mezani siku ya Jumapili, akicheka, bila kujua ni ya nani. Sauti ndiyo iliyomwumbua. Meza nzima ikamgeukia.

Maidelín alimweleza yote, hakujipunguzia.

"Wewe ni Maidelín wa ghorofa ya pili," Leosbel alisema. "Uliyekuwa ukiazima ngazi yetu."

"Ndiye mimi."

"Nilikuwa nakusifia hapa. Kabla. Nilikuwa nikisema kuna msanii mmoja wa Havana namfahamu... halafu nakumbuka natakiwa kuwa mtu wa Kanari, nanyamaza." Akavuta pumzi. "Siwezi kukutukana. Nitaanzia wapi? Ulichokata wewe ni kilio. Mimi nilimkata mama mzima." Akakata simu.

Maidelín hakwenda Meksiko. Aliandika kwamba yule mama hakuwa mwigizaji, kwamba yeye alidanganya, na kwamba sauti ile si yake kuitoa. Walimjibu kwa upole, kisha hawakuandika tena. Simu zetu alizirudisha zote, kila moja kwa mwenyewe, akiwa amezifuta vumbi. Siku hizi anafundisha watoto kuchora kwenye shule ya karibu, na jioni anatengeneza redio za watu. Nimemuuliza kama atafanya tena kazi zake zile, akasema bado hajui anayo haki ya kusikiliza nini.

Arusi ya Leosbel iliahirishwa. Wazazi wa Begoña hawakutaka kumwona kwa muda. Begoña ndiye aliyempigia Bi Nereida kwanza, asubuhi moja, simu ya picha. Bi Nereida aliikataa mara ya kwanza kwa sababu alikuwa na kitambaa kichwani, akakimbia kujipaka poda, akaipokea ilipoita tena. Mazungumzo yao sikuyasikia; alifunga mlango. Alipotoka nilimuuliza amesemaje. "Anaongea haraka," alisema. "Anasema Leosbel amekonda. Nimemwambia wali anaupenda wenye maharage meusi, si mweupe." Leosbel mwenyewe hupiga, lakini huongea kidogo na hatazami kioo. Mama yake hamshurutishi.

Saluni imefunguliwa. Maidelín akipita mlangoni husimama na kusema, "Shikamoo, Bi Nereida," na Bi Nereida huitikia, "Marahaba," kwa sauti ya kawaida, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokishika. Maidelín husubiri kidogo, labda ataambiwa aingie. Halafu huenda zake.